Mwili Hauchoshwi na Kushtuka, Huchoshwa na Kukosa Kupoa

“Ana mawazo.” Kwa maneno hayo mawili Waswahili hufunga faili la mtu aliyekonda ghafla, ambaye presha yake inapanda na kushuka, au ambaye tumbo linamwunguza kila akila. Hata jina tulilolipa tatizo lenyewe, msongo wa mawazo, linalipeleka moja kwa moja kichwani, kana kwamba mwili ni mpangaji tu asiyehusika na ugomvi wa mwenye nyumba. Na dawa hufuata jina: acha mawazo, jikaze, piga moyo konde, yatapita. Hoja ya makala haya ni kwamba jina hilo limetupa nusu tu ya habari. Msongo ni kazi ya mwili mzima, na ni kazi njema kabisa pale inapoanza ikaisha. Madhara yake makubwa hayaletwi na kushtuka, huletwa na kukosa kupoa. Na kupoa, kama ushahidi wa miongo mingi unavyoonyesha, hakutegemei ugumu wa moyo wa mtu peke yake. Kunategemea pia jinsi siku zake zilivyopangwa, na ni nani aliyezipanga.

Tuanze na mshtuko wenyewe. Mtu anavuka barabara Kariakoo, honi ya bodaboda inalia nyuma yake. Kabla hajageuka kutazama, sehemu ya ubongo inayonusa hatari imekwisha kuiarifu haipothalamasi, kipande kidogo kilicho chini ya ubongo, nayo imetoa amri kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya neva, na haichukui hata sekunde chache. Neva hizo zinaziamsha tezi mbili za adrenali, zilizokaa juu ya figo kama kofia, nazo zinamwaga adrenalini kwenye damu. Moyo unadunda kwa kasi. Njia za hewa mapafuni zinapanuka. Ini linafungua ghala lake na kutoa sukari. Damu inapunguzwa tumboni na kwenye ngozi, inapelekwa kwenye misuli, ndiyo maana aliyeshtuka hupauka, mate yakamkauka na tumbo likamsokota. Damu yenyewe inakuwa tayari kuganda upesi, ikijiandaa kwa jeraha ambalo bado halijatokea. Njia ya pili ni ya homoni na haina pupa: haipothalamasi inaiamuru tezi ya pituitari, pituitari inaziamuru adrenali, na kotisoli inaanza kupanda hadi kufikia kilele dakika 20 au 30 baada ya tukio. Wakati huo bodaboda imeshapotea na mtu amefika dukani. Kotisoli inausaidia mwili kurudisha nguvu uliyotumia, kisha inafanya jambo ambalo ndilo moyo wa habari hii: inarudi ubongoni na kuuambia kwamba imetosha. Breki imewekwa ndani ya injini ileile.

Mwanafiziolojia wa Chuo Kikuu cha Harvard, Walter Cannon, ndiye aliyeeleza mwaka 1915 kwamba mabadiliko haya si vurugu bali ni maandalizi ya kupigana au kukimbia. Anayedhani homoni hizi ni sumu na amwangalie mgonjwa wa Addison, maradhi yaliyoelezwa na daktari Mwingereza Thomas Addison mwaka 1855. Adrenali zake zimeharibika, hazitoi kotisoli ya kutosha, na asipopewa homoni mbadala, homa au upasuaji ambao mwingine angeustahimili unaweza kumuua. Upande wa pili yuko mgonjwa wa Cushing, ambaye mwili wake una kotisoli iliyozidi kwa miezi na miaka. Kiwiliwili kinanenepa huku mikono na miguu inakonda, sukari na presha zinapanda, mifupa inadhoofu, ngozi inachubuka kwa kuguswa tu. Wagonjwa hawa wawili wanatuwekea mipaka ya uwanja: ikikosekana tunakufa, isipokoma inatula. Mwenye afya yuko katikati, na hakai hapo ametulia tuli. Hata siku ya amani kotisoli yake ina kujaa na kupwa kama bahari, hujaa muda mfupi baada ya kuamka na kupwa karibu na usiku wa manane. Ugonjwa huanzia pale maji yanapojaa yasipwe.

Aliyefungua ukurasa wa msongo wa muda mrefu ni Hans Selye, aliyekuwa mtafiti kijana huko Montreal, Kanada. Mwaka 1936 alichapisha barua fupi katika jarida la Nature akieleza alichokiona kwa panya aliowaweka kwenye mateso ya namna mbalimbali: baridi kali, upasuaji, kukimbizwa kupita kiasi, dawa zilizozidi kipimo. Mateso yalikuwa tofauti, lakini alipowapasua alikuta alama zilezile: adrenali zimevimba, tezi ya thaimasi inayohusika na kinga imenywea, na tumbo lina vidonda. Mwili, kwa maneno mengine, una jibu moja kwa maswali mengi. Selye alifikiri kwamba mwisho wa yote ni mwili kuishiwa silaha. Hapo waliomfuata walimsahihisha. Kwa kawaida mtu mwenye msongo wa miaka haishiwi kotisoli, anachoka kwa sababu ya gharama ya kuitumia. Kijiji ambacho vijana wote wanalinda mpaka kila usiku hakishindwi kwa kuishiwa mishale, kinashindwa kwa sababu mashamba hayakulimwa. Mwaka 1993 Bruce McEwen wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, pamoja na Eliot Stellar, walilipa jambo hili jina la kitaalamu lenye maana ya mzigo unaobebwa na mwili kwa kulazimika kujirekebisha kila mara. Ni hesabu ya uchakavu, inayoongezeka kila zamu inaporefushwa.

Mashamba yasiyolimwa ndiyo haya. Presha iliyopandishwa ili itumike dakika kumi, ikikaa juu mwezi hadi mwezi, inakwaruza kuta za mishipa ya damu na kuifanya iwe migumu. Sukari iliyomwagwa kwa ajili ya mbio ambazo mtu hakukimbia, maana bosi hakimbiwi na mwenye nyumba hapigwi ngumi, inabaki kwenye damu na kuilazimisha insulini ifanye kazi ya ziada. Mafuta hujikusanya tumboni kuliko kwenye mapaja. Shughuli ambazo mwili huziahirisha wakati wa hatari, yaani kumeng'enya chakula, kukua, kuzaa na kukarabati, zinageuka kuwa viporo: mtoto anadumaa, hedhi inavurugika, hamu ya tendo la ndoa inakwisha. Sehemu ya ubongo inayoshughulikia kumbukumbu ina vipokezi vingi vya kotisoli, na kwa wanyama imeonekana kwamba msongo wa muda mrefu hupunguza matawi ya seli zake. Hata kinga ya mwili inavurugika kwa namna ya ajabu. Kotisoli kwa kawaida huzuia uvimbe usienee, lakini seli zinazopigiwa kelele mchana na usiku huanza kuwa viziwi, na uvimbe mdogomdogo unaendelea bila wa kuukemea. Kwa nini basi huyu apate kisukari, yule kiharusi na wa tatu sonona, ilhali wote wamebanwa na shida moja? Wahenga walishajibu: kamba hukatikia pembamba. Msongo huvuta kamba nzima, lakini kila mtu ana pembamba pake.

Ushahidi kwamba urefu wa msongo una uzito wake umetoka mahali pasipotarajiwa, kwenye mafua. Mwaka 1991 Sheldon Cohen na wenzake walitangaza matokeo ya jaribio lililofanyika Uingereza. Watu wazima 394 wenye afya walikubali kutiwa matone yenye virusi puani, kisha wakawekwa chini ya uangalizi. Kadiri mtu alivyokuwa na msongo mkubwa zaidi kabla ya jaribio, ndivyo alivyokuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuugua. Mwaka 1998 Cohen alirudi na swali kali zaidi kwa watu 276: je, ni msongo wowote? Jibu lilikuwa hapana. Taabu zilizodumu chini ya mwezi mmoja hazikuongeza mafua. Zilizodumu mwezi na zaidi, hasa ukosefu wa kazi wa muda mrefu na ugomvi usiokwisha na ndugu au marafiki, ndizo zilizoongeza. Virusi vilikuwa vilevile, na pua zilikuwa za watu wenye afya. Kilichowatenganisha ni muda.

Jaribio jingine linagusa kila nyumba yenye mgonjwa wa kuuguzwa. Mwaka 1995 Janice Kiecolt-Glaser wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani, na wenzake, waliwachukua wanawake 13 waliokuwa wakiwatunza ndugu wenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, wakawalinganisha na wengine 13 wa umri na kipato cha kufanana nao wasio na mzigo huo. Kila mmoja alitolewa kipande kidogo cha ngozi kwenye mkono, jeraha la milimita 3.5 tu. Majeraha ya wauguzaji yalichelewa kufunga kwa wastani wa siku 9. Idadi ya watu ni ndogo, na utafiti mmoja haumalizi mjadala, lakini unakubaliana na mengi yaliyofuata. Na unatukumbusha kwamba tunapomwambia mama anayemgeuza mzee wake kitandani mara nne kila usiku kwamba Mungu atamlipa, mwili wake nao una hesabu yake, na haisubiri akhera.

Mtu makini atanikatiza hapa. Kama kushtuka si hatari, mbona watu hufa kwa mshtuko? Ni kweli, hufa. Alfajiri ya tarehe 17 Januari 1994 tetemeko la ardhi la Northridge lilipoipiga Los Angeles, vifo vya ghafla vya moyo katika eneo hilo vilipanda kutoka wastani wa 4.6 kwa siku hadi 24 siku hiyo moja. Wakati wa Kombe la Dunia la mwaka 2006, siku ambazo timu ya Ujerumani ilicheza, dharura za moyo katika eneo la München ziliongezeka zaidi ya maradufu. Lakini tuzitazame takwimu hizo kwa utulivu. Katika siku sita zilizofuata tetemeko, vifo vya Los Angeles vilishuka chini ya kawaida, hadi wastani wa 2.7 kwa siku, dalili kwamba mshtuko uliwawahi wengi ambao tayari walikuwa ukingoni. Na kule Ujerumani, waliokuwa na ugonjwa wa moyo unaojulikana ndio walioumia zaidi. Mshtuko ulikuwa jani la mwisho juu ya mzigo. Swali la afya ya umma si nani aliliweka jani, ni nani aliupakia mzigo kwa miaka ishirini.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na linahusu vidonda vya tumbo, ugonjwa ambao mitaani kwetu hutajwa pumzi moja na mawazo. Mwaka 1982 huko Perth, Australia, Barry Marshall na Robin Warren walifanikiwa kuotesha maabara bakteria waliowaona kwenye matumbo ya wagonjwa. Mwaka 1984 Marshall alifikia hatua ya kunywa bakteria hao mwenyewe, akapata uvimbe wa tumbo. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005, na siku hizi vidonda vingi vinatibiwa kwa antibayotiki. Je, hadithi ya mawazo imekufa? Imepunguzwa, na ilistahili kupunguzwa, kwa sababu wapo waliokunywa maziwa na ushauri wa kutulia huku bakteria wakiendelea kula. Lakini bakteria hao wamo matumboni mwa karibu nusu ya watu wote duniani, na wengi wao hawapati kidonda maishani. Mwaka 2015 Susan Levenstein na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu wazima 3,379 nchini Denmark. Wale waliokuwa na msongo mkubwa zaidi walipata vidonda takriban mara mbili ya wenye msongo mdogo, wawe na bakteria au wasiwe nao. Bakteria hutoboa kwa urahisi ukuta ambao fundi wake ameitwa mpakani. Kwa hiyo mgonjwa wa vidonda apimwe na apewe dawa kwanza, kisha aulizwe maisha yake, na tusimpe kimoja tukamnyima kingine.

Sasa tufike kwenye swali ambalo jina la msongo wa mawazo hulificha: ni nini kinachouzuia mwili usipoe? Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970, Jay Weiss wa Rockefeller aliwaunganisha panya wawili wawili kwenye nyaya za umeme mdogo. Wote wawili walipata mshtuko uleule, kwa nguvu ileile, kwa sekunde zilezile. Tofauti ilikuwa moja: mmoja alikuwa na gurudumu ambalo akilizungusha umeme unakatika, kwake na kwa mwenzake. Mwenzake alikuwa nalo pia, ila lake halikufanya kitu. Huyu asiyeweza lolote ndiye aliyepata vidonda vingi zaidi tumboni. Na panya waliopigiwa kengele kabla ya umeme waliumia kidogo kuliko wale ambao umeme uliwajia wakati wowote. Maumivu yalikuwa sawa. Kilichowaponza wengine ni kutoweza kuamua na kutoweza kujua. Panya mwenye kengele hupoa pale isipolia, asiye na kengele hana dakika anayoweza kuiita salama.

Binadamu si panya, atasema mtu, na ndivyo ilivyo. Ndiyo maana utafiti wa watumishi wa serikali ya Uingereza, uliopewa jina la mtaa wa ofisi zao, Whitehall, una thamani kubwa. Ulianza mwaka 1967 kwa kuwafuatilia wanaume zaidi ya 17,000. Hakuna aliyekuwa fukara, hakuna aliyekosa ajira, na matibabu yalikuwa ya serikali kwa wote. Hata hivyo, katika miaka kumi, walio ngazi ya chini kabisa, matarishi na mabawabu, walikufa kwa kiwango cha karibu mara tatu ya wakubwa wao. Michael Marmot na wenzake walipoondoa kwenye hesabu tofauti za kuvuta sigara, presha na mafuta kwenye damu, pengo lilipungua lakini halikufungika. Awamu ya pili, iliyoanza mwaka 1985 kwa wanaume na wanawake 10,308, ilionyesha kwamba sehemu kubwa ya tofauti katika ugonjwa wa moyo ilikwenda pamoja na jambo moja: kiasi gani mtu ana sauti juu ya kazi yake mwenyewe. Tunadhani mkurugenzi ndiye mwenye presha kwa sababu ana maamuzi mengi. Kumbe anayeumia zaidi ni yule anayeamuliwa.

Nyani wa Kenya wanaliongezea jambo hili nuru, na pia tahadhari. Kuanzia mwaka 1978 Robert Sapolsky aliwafuatilia nyani kandokando ya Maasai Mara, akipima kotisoli ya madume. Katika makundi yenye utulivu, madume wa chini walikuwa na kotisoli ya juu hata siku isiyo na lolote, huku ya wakubwa ikipanda upesi wakati wa hatari na kushuka upesi baadaye. Kisha katikati ya miaka ya 1980 kifua kikuu kutoka kwenye jalala la hoteli ya watalii kiliwaua madume wababe wa kundi moja, waliokuwa wakienda kupigania mabaki. Walibaki wapole. Miaka kama kumi baadaye, ingawa madume wote walikuwa wageni waliohamia, tabia ya upole ilikuwa bado ipo, na wa chini hawakuwa na dalili za msongo kama wenzao wa makundi mengine. Vyeo vilikuwepo bado, ila maana ya kuwa chini ilikuwa imebadilika. Tahadhari inatoka Amboseli, ambako mwaka 2011 watafiti waliripoti kwamba dume mkuu kabisa ana homoni za msongo nyingi kuliko anayemfuata, kwa sababu kulinda kiti ni kazi. Lakini utafiti mwingine wa Amboseli, wa mwaka 2012, ulionyesha kwamba vidonda vya madume wa juu hupona haraka. Kwa hiyo wingi wa homoni peke yake hausemi yote. Inategemea kama inatumika katika pambano lenye faida na mwisho, au katika unyonge usio na mlango wa kutokea.

Bado mwenye shaka ana haki ya kuuliza: tunajuaje kwamba ni shida inayoleta kotisoli, na si watu wenye kotisoli nyingi wanaoshindwa maisha? Jibu limetoka kwa wakulima wa Kianyaga, Kirinyaga, na mafundi chuma wa jua kali Nairobi. Watafiti Matthieu Chemin, Joost de Laat na Johannes Haushofer walipima kotisoli kwenye mate yao, wakailinganisha na mvua iliyoonekana kwa setilaiti. Mvua haimchagui mtu kwa udhaifu wa moyo wake. Ilipopungua, kotisoli ilipanda siku 10 hadi 20 baadaye, na ilipanda zaidi kwa wakulima kuliko kwa mafundi, ambao riziki yao haingoji mawingu. Hapo mshale wa sababu unaelekea upande mmoja. Sitaficha matokeo yasiyonipendelea: huko Rarieda, magharibi mwa Kenya, familia maskini zilipopewa fedha taslimu, furaha na utulivu wa nafsi viliongezeka, lakini kotisoli kwa wastani haikubadilika. Ninavyolisoma jambo hilo, fedha ya mara moja huondoa njaa ya leo na kumpunguzia mtu hofu, lakini haimwondolei kesho isiyotabirika. Mwili unaonekana kuwa mgumu kuamini kuliko akili.

Wazee nao wana pingamizi lao. Watasema: babu zetu walikabili njaa, chui na kodi ya mkoloni, na hawakuwa na neno msongo. Upo ukweli katika lawama hiyo. Taabu yenye kipimo hukomaza: misuli hujengwa kwa kuchoshwa, na mtihani ulio mbele hunoa akili kuliko siku isiyo na kitu. Fikra nazo zina nguvu yake, kwani utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2012 ulionyesha kwamba waliokuwa na msongo mwingi na wakaamini unawadhuru sana walikuwa na hatari ya kufa mapema iliyozidi kwa asilimia 43. Lakini utafiti wa aina hiyo hautuambii kipi kilitangulia. Huenda walioamini wanadhurika walikuwa wakisikia ukweli wa miili yao. Na babu hakuwa chuma. Chui alikuja akaondoka, na usiku ule kijiji kizima kilikaa motoni kikasimulia. Matanga yalikuwa na siku zake, kazi ngumu ilikuwa na msimu wake, na kilimo kilikuwa na msaragambo, kazi ya kijiji kizima. Alikuwa na taabu nyingi, na alikuwa na taratibu nyingi za kupoa. Sisi tumerithi taabu za namna nyingine, zile taratibu tukaziita kupoteza muda.

Utazame mkopo unaoitwa kausha damu. Jina hilo halikutungwa na wasomi, na linaeleza fiziolojia kwa usahihi wa kutisha. Mama wa genge anadaiwa rejesho kila wiki, wakati mwingine kila siku. Siku anayolipa haimpi raha, maana inayofuata imeshaanza kuhesabika. Anajua kengele italia lakini hana gurudumu la kuzungusha. Dereva wa bodaboda anayewajibika kumpeleka tajiri hesabu ya siku, iwe mvua au jua, yuko kwenye waya uleule. Mlinzi anayebadilishiwa zamu bila taarifa, na kibarua anayesimama getini alfajiri asijue kama jina lake litaitwa, ni panya wasio na kengele. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walikadiria mwaka 2021 kwamba kufanya kazi saa 55 na zaidi kwa wiki kunaongeza hatari ya kiharusi kwa asilimia 35 ikilinganishwa na saa 35 hadi 40. Ukimwambia mtu wa namna hiyo aache mawazo, umemtaka azime king'ora huku moto ukiwaka.

Haina maana kwamba mtu binafsi akae akisubiri dunia ipangwe upya. Kutembea kwa miguu huutumia ule mwendo ambao mwili uliuandaa, usingizi wa kutosha huirudishia kotisoli kupwa kwake, na mtu wa kuzungumza naye si anasa. Swala, kwaya, bao, vikoba vyenye masharti ya kibinadamu, vyote vina nafasi. Lakini tukiishia hapo tutakuwa tumemrudishia mnyonge bili ya mwingine. Mwajiri anayetoa ratiba ya zamu mapema, mkopeshaji anayekubali rejesho lifuate msimu wa biashara, familia inayopokezana kumwuguza mzee badala ya kumwachia binti mmoja, bima ya mazao inayompa mkulima jibu kabla mvua haijamjibu: haya nayo ni matibabu ya presha, ingawa hayauzwi duka la dawa. Kila moja linampa mtu kimoja kati ya vile vitu viwili ambavyo panya wa Weiss walivipigania, kujua na kuweza kuamua.

Lugha yetu, iliyotupotosha kwa neno mawazo, ina neno jingine lililo karibu zaidi na ukweli. Uji hupoa, hasira hupoa, na maumivu nayo hupoa. Ndugu wa neno hilo ni pole, na Waswahili humpa hata mtu asiyeumwa: pole na kazi, pole na safari, pole na kuuguza. Ni kama tulijua tangu zamani kwamba juhudi yoyote huuacha mwili ukiwa moto, na kwamba kuupoza si kazi ya mwenye mwili peke yake. Kilichobaki ni kuilipia salamu hiyo. Anayesema pole na kazi jioni, ikiwa yeye ndiye mwenye ratiba, mwenye daftari la madeni au mwenye funguo za geti, ana uwezo wa kutoa zaidi ya neno.